Presha na sukari zilimwondoa Luther Vandross, na huku Kusini bado tunazipima vibaya

Mhariri,

Wimbo wa mwimbaji wa Marekani, Luther Vandross, wa kumkumbuka baba yake bado unapigwa kwenye send-off za hapa Lindi, binti akicheza na mzazi wake na ukumbi mzima umesimama. MC naye hapendi kukaa kimya, hutia neno kwamba mwimbaji huyu alichukuliwa ghafla na kiharusi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze kwamba ugonjwa wa Vandross haukuwa wa ghafla hata kidogo, na kwamba njia aliyopita ndiyo wanayopita watu wengi wa Lindi na Mtwara leo, tena kwa makosa yanayorekebishika.

Kiharusi kilimkuta nyumbani kwake New York tarehe 16 Aprili 2003, siku nne kabla hajatimiza miaka 52. Alikaa wiki kadhaa bila fahamu, akapata nimonia akiwa hospitalini, akatobolewa koo ili aweze kupumua. Albamu yenye wimbo ule ilitoka Juni mwaka huohuo, mwenyewe bado yuko kitandani. Februari 2004 alipotunukiwa tuzo nne za Grammy hakuweza kufika ukumbini. Watu walimwona kwenye video iliyorekodiwa mapema. Alifariki tarehe 1 Julai 2005 huko Edison, New Jersey, akiwa na miaka 54.

Sasa turudi nyuma ya 2003. Baba yake alifariki kwa madhara ya kisukari Luther akiwa mtoto wa miaka 8. Yeye mwenyewe aliishi na kisukari na presha, na uzito wake ulikuwa ukipanda na kushuka kwa makumi ya kilo miaka nenda miaka rudi. Mama yake, Mary Ida, aliwazika watoto wake wote wanne. Magazeti ya burudani yaliandika sana kuhusu umbo la Luther na nguo zake. Kilichokuwa kikiendelea ndani ya mishipa hakikuandikwa sana mpaka siku alipoanguka. Sukari iliyozidi huharibu ukuta wa ndani wa mshipa, presha inausukuma ukuta huohuo mchana na usiku, na mishipa myembamba ya ubongo, figo na macho ndiyo inayoanza kuchoka. Mmoja wa ubongo ukiziba au ukipasuka, hicho ndicho kiharusi.

Kwa hiyo mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyekufa kwa kisukari, kupooza au figo, apimwe presha na sukari kila mwaka hata kama ni mwembamba na hajawahi kuumwa kichwa. Presha ya juu haiumi. Watu hutembea na 180 kwa 110 wakibeba magunia ya korosho, wakisema wako fiti.

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye kupima, kwa sababu hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia na hakuna anayelalamika. Chukua mkanda wa mashine ya presha uutazame. Ule wa kawaida wa mtu mzima umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Hiyo ni mizunguko ya mkono wa juu, ukipima kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko. Mama mwenye mkono wa sentimita 37 anahitaji mkanda mkubwa, ule ulioandikwa 32 hadi 42. Mfuko wa mpira ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Ukimfunga mama huyu mkanda mdogo, mashine itasoma juu kuliko ukweli, na kwa mikono minene sana kosa linaweza kufika 20 kwenye namba ya juu. Dalili yake inaonekana kwa macho: mkanda unapojaa upepo unaanza kuachia kwenye gundi yake ya kubandika, au unajipinda na kuteleza kuelekea kiwikoni. Zahanati nyingi na karibu maduka yote yanayopima presha kwa ada ndogo yana mkanda mmoja tu, na ndio huo mdogo.

Tazama kinachofuata. Mama kasomewa 158 wakati ukweli wake ni 142. Anaongezewa dawa. Baada ya wiki mbili anasikia kizunguzungu akiinuka kitandani, anaambiwa na jirani kwamba hiyo sasa ni presha ya kushuka, anaacha vidonge vyote, anaanza kulamba chumvi na kunywa soda. Miezi sita baadaye presha yake ni 190, na safari hii ni ya kweli. Upande wa pili yuko mzee mwembamba, mkono wa sentimita 20, anafungwa mkanda uleule ukiwa umelegea. Anasomewa chini kuliko alivyo na anarudi nyumbani akijiona mzima.

Anayepimwa naye ana mambo yake ya kuangalia. Asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Akojoe kwanza, maana kibofu kilichojaa kinaweza kuongeza 10. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuongea. Aliyeshuka kwenye bodaboda sasa hivi na kupimwa palepale anapimwa safari yake. Miguu yote iwe chini, isipandanishwe. Mkono ulazwe mezani, mkanda uwe usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya sweta au mkono wa gauni uliokunjwa ukabana. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba huzidi kama 8. Apimwe mara mbili, dakika moja katikati, na mara ya kwanza kabisa mikono yote miwili, kisha mkono uliosoma juu ndio utumike siku zote. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, arudie siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa, isipokuwa namba ikiwa kubwa sana au kuna dalili kama maumivu ya kifua, kuona ukungu au kuishiwa pumzi, hapo aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari lengo lake ni kali zaidi, namba ya juu ishuke chini ya 130.

Kipimo cha sukari nacho kina ubaya wake wa Kusini. Msimu wa mabibo mtu anafika amekula njiani, vidole vina utomvu na maji ya bibo, anatobolewa bila kunawa, mashine inasoma 16. Tone la juisi ya tunda lililokauka kwenye ngozi linatosha kudanganya mashine. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa, na kidole kisikamuliwe kwa nguvu, kwa kuwa majimaji ya mwilini huchanganyika na damu. Vijiti vya kupimia vikae ndani ya kichupa chake kilichofungwa vizuri. Joto na unyevu wa pwani huviharibu upesi, na anayevihamishia kwenye kikopo kingine ili vionekane vizuri dirishani pa duka anawauzia watu namba za uongo. Asubuhi kabla ya kula, 7 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, ni kisukari. Wakati wowote wa siku, 11.1 au zaidi pamoja na kiu, kukojoa sana na kukonda, ni kisukari pia.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana hapo watu wameshasikia mengi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja, ikiwa ni pamoja na ile iliyokwisha kuwemo ndani ya chakula. Kwetu chumvi ya siri iko kwenye ng'onda na papa mkavu, kwenye vile vibonge vya kuunga mchuzi, na kwenye magadi ya mlenda na kunde, kwa sababu magadi yana sodiamu ileile ya chumvi. Papa aloweshwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe na kubadilishwa walau mara mbili, na mchuzi wake usiongezwe chumvi nyingine. Kisamvu kipikwe na nazi bila magadi, kitachukua muda zaidi jikoni lakini kitaiva.

Dawa ni suala zito zaidi. Dawa ya presha haiponyi. Inaishikilia presha kwa muda ule tu ambao imo mwilini. Namba ikirudi 124 kwa 78, dawa ndiyo inafanya kazi, na kuiacha siku hiyo ni kuirudisha presha palepale ilipokuwa. Wanaoacha wengi hawaachi kwa ukaidi, wanaacha kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyewaeleza mapema. Amlodipine inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, mtu akadhani figo zimekufa. Captopril na lisinopril huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, mtu akanunua dawa za kikohozi miezi mitatu. Hydrochlorothiazide inakojoza, akaiacha kila anaposafiri. Yote haya yana dawa mbadala, ila daktari hawezi kubadilisha kitu ambacho hajaambiwa. Mama mjamzito au anayetarajia kubeba mimba aseme mapema, maana captopril, lisinopril na losartan ni hatari kwa mtoto tumboni.

Kuna vidonge ambavyo havimo kwenye kadi ya kliniki na vinaharibu kila kitu. Kuokota korosho ni kuinama kutwa nzima. Jioni mgongo unauma, mtu ananunua diclofenac, anakunywa wiki nzima, msimu mzima. Diclofenac na ibuprofen zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya dawa za presha, na zinaumiza figo ambazo kisukari kimeshazichosha. Paracetamol na kitambaa cha maji ya moto ni salama zaidi kwa mtu huyu. Vidonge vya kunenepa wanavyouziana vijana, vingi vikiwa na dexamethasone, vinapandisha sukari na presha kwa pamoja. Mlonge na kitunguu saumu viliwe kama chakula, visiwekwe mahali pa kidonge.

Msimu wenyewe ndio unaovunja matibabu. Watu wanahamia mashambani, kliniki zinabaki na wazee wa mjini, kadi zinalala ndani ya masanduku. Vidonge vya siku 30 vinaisha wiki ya tano mtu yuko Nachingwea au Tandahimba ndanindani, na pesa ya mnada wa korosho haijaingia. Mwenye presha iliyotulia anaweza kuomba dawa za miezi mitatu kabla hajaondoka. Aombe waziwazi, aseme anakwenda shamba mpaka lini. Ahifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na jiko na mbali na bati la paa. Anayetumia glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, awe mwangalifu sana na uraka, ile pombe ya mabibo. Pombe kwenye tumbo tupu pamoja na kidonge hicho hushusha sukari mpaka mtu anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaongea ovyo, na wenzake wanamwacha alale wakijua kalewa. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui asimiminiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Sasa siku yenyewe ya kiharusi. Mdomo unakwenda upande, mkono mmoja unashindwa kuinuka, maneno yanakuwa ya kulegea au hayaeleweki. Kitu cha kwanza cha kufanya ni kutazama saa na kuandika mara ya mwisho mtu huyu alipoonekana mzima. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na baada tu ya picha ya CT-Scan kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Asipewe aspirini nyumbani: kama mshipa umepasuka, aspirini itaongeza kuvuja. Asiwekewe kidonge cha nifedipine chini ya ulimi kwa sababu tu presha imesoma 200. Kuishusha kwa kishindo kunaikatia damu sehemu ya ubongo ambayo ilikuwa bado hai. Asipewe maji, uji wala dawa yoyote ya kunywa. Alazwe ubavu, meno ya bandia yatolewe, na kama kuna kipimo cha sukari karibu apimwe, kwa kuwa sukari iliyoshuka inaweza kuigiza kiharusi kwa kila kitu.

Najua pia ambako saa hizo zinapotelea. Mdomo ukipinda, watu husema katupiwa kitu, au kapitiwa na upepo mbaya, na familia inaanza kutafuta fundi, yaani mganga wa kienyeji. Sitaki kugombana na imani ya mtu. Ninachoomba ni mpangilio: gari liende hospitali kwanza, na mengine yafuate mgonjwa akiwa tayari wodini. Kuchanja chale na kukanda kwa mafuta ya moto mkono usio na hisia kunaacha majeraha na mikono iliyoungua, tena kwa mtu mwenye kisukari ambaye kidonda chake hakifungi haraka.

Vandross alipata nimonia akiwa amelazwa, na kwa wagonjwa wa kiharusi hilo ni jambo la kawaida duniani kote. Koo lililopooza upande mmoja haliwezi kuziba njia ya hewa wakati wa kumeza, kwa hiyo uji unaingia kwenye mapafu. Huku kwetu hili hutokea nyumbani, kwa upendo kabisa. Mama kalala chali, binti anamlisha uji mwepesi kwa kijiko, anakohoa kidogo, analishwa tena. Kabla ya kumlisha mgonjwa wa kiharusi kwa mara ya kwanza, muuguzi amkalishe wima na kumpa kijiko kimoja cha chai cha maji, kisha amwangalie. Akikohoa, au sauti ikawa kama ina maji kooni, asilishwe kwa mdomo mpaka afanyiwe tathmini. Akiruhusiwa, ale amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, chakula kizito kama uji mzito au viazi vilivyopondwa, kijiko kidogo, kwa upande wa mdomo wenye nguvu, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Vimiminika vyepesi ndivyo vibaya zaidi. Ageuzwe kila saa mbili akiwa kitandani, na asivutwe kwa mkono uliopooza wakati wa kumwinua, bega linatoka mahali pake na maumivu yake hudumu miezi. Mazoezi yaanze mapema, hali ikishatulia, hata kama ni kukunja na kukunjua vidole.

Kwa wanamuziki wetu nina neno la pekee. Msimu wa korosho bendi, waimbaji wa taarabu na vijana wa singeli wanazunguka Newala, Masasi, Ruangwa, Nachingwea, shoo inaanza saa tano usiku na kuisha alfajiri. Mwimbaji mwenye presha anaruka kidonge cha kukojoza kwa sababu hawezi kushuka jukwaani, anakula chips saa kumi usiku, analala mchana na kukosa dozi ya asubuhi. Amwambie daktari saa zake za kazi zilivyo. Zipo dawa za presha za mara moja kwa siku zisizokojoza, zinazoweza kupangwa zinywewe anapoamka, hata kama anaamka saa nane mchana. Meneja anayekagua spika na jenereta kabla ya safari abebe na mashine ya presha yenye mikanda miwili. Mashabiki nao waache kumsifu msanii kwa kunenepa au kumcheka kwa kukonda. Kilo zilizopungua kwa mwezi mmoja bila mpango, zikiambatana na kiu na kukojoa usiku, ni sababu ya kwenda kupima sukari asubuhi inayofuata.

Mhariri, ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwako. Msanii anapofariki kwa kiharusi, figo au moyo, waandishi wako waulize familia, kwa idhini yao, kama alikuwa akitibiwa presha au sukari, na waandike hivyo kwenye habari ileile. La pili ni kwa waganga wakuu wa wilaya na kwa kamati za zahanati na vituo vya afya ambazo zina sauti kwenye matumizi ya fedha za kituo: kila chumba cha kupimia kiwe na mkanda mkubwa na mkanda mdogo pamoja na ule wa kawaida, na futi ya fundi cherehani itundikwe ukutani kando ya mashine. Vinunuliwe kabla mabibo hayajaanza kuanguka, na wakati huohuo kliniki zitangaze siku ambazo wakulima wenye presha na sukari iliyotulia watapewa dawa za msimu mzima.

Muuguzi, kliniki ya presha na kisukari
Lindi Mjini